Unataka kufungua akaunti ya kulipiwa? Soma hii kwanza

Kila wiki kuna mtu ananitumia meseji ileile, "dada naomba unielekeze nianzeje, nasikia hela ipo". Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, afu kesho anakuja mwingine na swali lilelile, kwa hiyo leo naandika yote hapa na atakayeuliza tena nitamtumia hii. Naongelea zile tovuti ambazo mtu analipia kila mwezi ili aone picha na video zako za utupu au za ngono, OnlyFans ndo inajulikana zaidi ila ziko nyingi, Fansly na wenzake. Nimekuwa humo miaka minne. Sikwambii ingia na sikwambii usiingie, we ni mtu mzima, nakwambia tu ukiingia uingieje.

Mtu mzima nimesema. Kama hujafika miaka 18 ishia hapahapa, na kama kuna mtu anakwambia "sema tu una 19, mi nitakupa kitambulisho" basi huyo mtu anakutafutia balaa na yeye mwenyewe ni mhalifu, mripoti au mwambie mtu mzima unayemwamini leoleo.

Sasa tuanze. Zamani, na mpaka leo kwa wengi, hatari ya kazi ya ngono ilikuwa na mikono. Mteja unakutana naye chumbani humjui, anaweza kukupiga, anaweza kukataa kulipa, anaweza kuvua kondomu katikati, na ukitoka hapo kuna askari anataka chake. Ukiwa nyuma ya simu hayo yanapungua kweli, siwezi kudanganya, hupati mimba kwa kutuma picha, saa unapanga mwenyewe, mtu akileta ujinga unambloku na unaendelea kunywa chai. Hiyo faida usiidharau. Ila hatari haikufa, imehama nyumba tu. Sa hivi inakaa kwenye picha ambayo haizeeki wala haifutiki, inakaa benki, inakaa kwa yule anayejua paswedi yako, na inakaa kichwani mwako saa nane za usiku unapojibu meseji ya mtu wa thelathini huku unajifanya ndo wa kwanza.

Na watu wengi hawakuhamia huku kwa kupenda tu. Mwezi wa nne 2018 serikali ya Marekani iliifunga Backpage, tovuti ya matangazo ambako wengi walikuwa wanatangaza kazi ya ngono, siku chache baadaye ikasainiwa sheria wanayoiita FOSTA, tovuti zikaogopa kushtakiwa zikafuta matangazo ya kazi ya ngono hata ya watu wasioishi Marekani, na Desemba mwaka huohuo mtandao wa kijamii wa Tumblr nao wakafukuza picha za utupu. Wale waliokuwa wanatumia matangazo yale kumchuja mteja kabla ya kukutana naye, kuulizana "huyu unamjua, ana fujo?", wakabaki mikono mitupu. Afu 2020 ikaja korona, kila mtu kafungiwa ndani, na waliokuwa wanakutana na wateja uso kwa uso wakakimbilia akaunti za kulipiwa. Hiyo historia nimeiweka kwa sababu moja, ujue kwamba hizi tovuti zinafungwa na kubadilishwa na watu ambao hawajui hata jina lako, tutarudi hapo.

HELA KWANZA MAANA NDO KILICHOKULETA

OnlyFans wanachukua asilimia 20 ya kila kitu, we unabaki na 80. Bei ya mwezi unapanga mwenyewe, ya chini kabisa ni dola 4.99 na ya juu 49.99, au unaweka bure halafu unauza ndani. Ukiwa na watu 100 wa dola 10 ni dola 1,000, toa 200 ya tovuti unabaki na 800, toa makato ya kuhamisha hela, toa kodi (ndio, kodi, usinikasirikie mimi), toa taa na intaneti. Na hao 100 kuwapata siyo mchezo.

Hebu tufanye hesabu ambayo wale wanaoposti magari hawaifanyi. Kwa mahesabu ya kampuni yenyewe ya mwaka ulioisha Novemba 2024, mashabiki walitumia kama dola bilioni 7.2 na akaunti za wanaouza zilikuwa kama milioni 4.6. Toa asilimia 20, gawanya, unapata kama dola 1,250 kwa akaunti kwa mwaka, yaani mia na kidogo kwa mwezi. Na hiyo ni wastani, ambao unavutwa juu na wachache sana wanaopiga mamilioni, maana yake mtu wa kawaida yuko chini ya hapo, wengi chini sana. Kwa hiyo kama una deni la kulipa mwisho wa mwezi huu, hii siyo dawa yake. Miezi yangu mitatu ya kwanza nilikuwa naangalia simu kila dakika kumi na kilichoingia kingenunua vocha tu.

Na hela yenyewe kwa wengi haitoki kwenye ile ada ya mwezi, inatoka inboksi. Mtu anataka kuongea, anataka video yenye jina lake, anataka umkumbuke kwamba mama yake alikuwa hospitali. Hiyo ndo kazi, kupiga picha ni robo tu. Ukijiona huna subira ya kuchati na watu wapweke masaa manne kwa siku, bora ujue mapema.

KABLA HUJAPIGA PICHA HATA MOJA

Chukua karatasi, andika majina ya watu watano ambao wakiiona picha yako maisha yako yatabadilika. Mama, bosi, mtoto wako akiwa mkubwa, mtu wa ubalozini, yeyote. Afu kwa kila jina jiulize ukionekana utafanyaje. Jibu lisiwe "hawezi kuiona". Anza hesabu zako na kwamba ataiona, siku moja, kwa sababu akishalipa mtu mmoja tu anaweza kurekodi skrini na kuimwaga sehemu ambayo haihitaji kulipia. Kama kwenye ile karatasi kuna jina ambalo huna jibu lake kabisa, fanya bila sura au usifanye. Mimi lilikuwepo jina moja, nikafanya bila sura, nikapata hela kidogo kuliko wenzangu, na sijutii.

Ukishaamua, tenganisha maisha mawili kabla hujaposti chochote, siyo baada. Jina la kazi ambalo hujawahi kulitumia popote, hata kwenye gemu. Imeili mpya. Laini mpya ya simu, na ukiweza simu yenyewe iwe nyingine, maana ukiweka laini mpya kwenye simu ya zamani apu zinasoma namba zako na zinaanza kukupendekeza kwa mjomba, "huenda unamfahamu". Kataza kila apu ya kazi isiguse namba zako za simu wala lokesheni. Paswedi tofauti kila sehemu, na washa ule uthibitisho wa hatua mbili, ule wa apu siyo wa meseji ya kawaida, kwa sababu mtu akiiba laini yako meseji inaenda kwake.

Tovuti yenyewe itakuomba kitambulisho halisi na picha ya sura. Hapo huna ujanja, na ujue jina lako la kweli sasa liko kwenye hifadhi ya kampuni, na mara nyingi kwenye hifadhi ya kampuni nyingine waliyoikodi ikague vitambulisho. Mteja haoni. Ila hakikisha unafungua kwa anwani sahihi ya tovuti maana kuna kurasa feki kabisa zinazokusanya vitambulisho vya watu kama sisi, na meseji za "sisi ni huduma kwa wateja, akaunti yako itafungwa, bonyeza hapa". Usibonyeze. Ingia mwenyewe kwa kuandika anwani kwa mkono uone kama kweli kuna tatizo, mara tisini kwa mia halipo.

PICHA INAONGEA KULIKO UNAVYODHANI

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo mimi nilipokamatwa.

Mwaka wangu wa kwanza, bila sura, bila jina, nimejipanga kabisa. Siku moja mteja ananiandikia, "naona umetoa lile pazia la maua, hili jipya zuri". Nikaganda. Pazia la maua sikuwahi kupiga nalo picha za kazi, lilikuwa kwenye akaunti yangu ya kawaida, ile ya picha za birthday na za ndugu. Alichofanya ni kulinganisha, ule ukuta wenye ufa kama herufi Y nyuma ya kitanda ulikuwa sehemu zote mbili. Hakunitishia, alidhani ananichekesha. Sikulala siku mbili. Tangu hapo chumba cha kazi ni kona moja, shuka moja jeupe nimelipigilia ukutani, na hakuna kitu chochote kutoka kwenye ile kona kinachoonekana kwenye maisha mengine.

Kwa hiyo kabla ya kuposti, kuza picha, angalia pembeni, usijiangalie wewe. Dirisha linaonyesha jengo gani? Kwenye meza kuna bahasha yenye jina? Soketi ya ukutani inaonyesha nchi. Tatuu, kovu, alama ya kuzaliwa, hivyo ni kama saini. Kioo. Miwani. Mwaka 2019 huko Japani mwanaume mmoja alikamatwa kwa kumvamia mwimbaji kijana, na alivyompata ni kwa kukuza selfi yake mpaka akaona stesheni ya treni imejiakisi kwenye mboni za macho, akaitafuta kwenye ramani za mtandao mpaka akaipata, akaenda kumsubiri. Selfi ya kawaida kabisa hiyo, siyo ya utupu. Kwenye video sikiliza pia, zima muziki usikilize kengele ya shule, tangazo la stesheni, mtu anayekuita jina nje ya mlango.

Faili la picha nalo linabeba siri ndani yake, tarehe, aina ya simu, na kama lokesheni ilikuwa imewashwa linabeba mpaka mahali ulipokuwa. Tovuti nyingi kubwa zinafuta hiyo taarifa ukiposti, lakini ukimtumia mtu kwa imeili au kama faili inaenda nayo mzimamzima. Zima lokesheni kwenye kamera, basi. Na ujue siku hizi kuna tovuti za kutafuta mtu kwa sura, unapandisha picha moja zinakuletea nyingine zote zenye sura hiyo, kwa hiyo "nimebadilisha jina na wigi" haitoshi kama sura iko wazi.

Kuna kitufe cha kufungia nchi, unazuia watu wa nchi yako wasione profaili. Kitumie, kinapunguza kukutana na jirani kwa bahati mbaya. Ila mwenye VPN, ile apu inayoficha mtu yuko nchi gani, anapita hapohapo, na aliyeko mbali anaweza kurekodi akamtumia aliyeko karibu.

Kitu kimoja kilichonisaidia sana na wengi hawakijui, video ya kuagizwa, ile mtu analipia peke yake, andika jina la akaunti yake juu ya video, hafifu, katikati, pale ambapo hawezi kuikata bila kuharibu. Mwambie kabisa kwamba limo. Ikivuja unajua mlango ulikuwa upi, na kusema kweli wengi wakijua jina lao limo hawavujishi.

INBOKSI

Bei isemwe kabla, hela iingie kabla, na iingie ndani ya tovuti. Atakayekuja na "tovuti inakula asilimia 20, njoo nikulipe pembeni nikuongezee" anaweza kuwa mkweli, lakini kule pembeni huna wa kumlalamikia, atakutumia skrinshoti feki ya malipo, au atalipa halafu adai benki imrudishie. Hata ndani ya tovuti hiyo ya kudai kurudishiwa ipo, mtu anatazama kila kitu halafu anaiambia benki yake kwamba kadi iliibiwa, na hela inakatwa kwako, siyo kwa tovuti. Kwa hiyo mteja mpya kabisa anayetaka vitu vya hela nyingi siku ya kwanza, mpe taratibu. Mpe kidogo leo, kidogo wiki ijayo.

Andika orodha ya usiyofanya. Iandike kweli, bandika ukutani. Maana inavyokuwa ni hivi, mwezi mzuri unasema sifanyi hiki, mwezi mbaya mtu anakuja na hela ya kodi ya nyumba anataka kilekile, na saa sita usiku bila orodha utajiambia mara moja tu. Video haijui kwamba ilikuwa mara moja. Nimewaona watu wakisogezwa hatua kwa hatua mpaka sehemu ambayo mwanzoni wangecheka ukiwatajia, na hakuna aliyewalazimisha kwa kisu, soko tu linavuta, wauzaji wengi, kila mtu anataka kuonekana.

Kukutana na mteja wa mtandaoni ni kazi nyingine tofauti, hata kama mmechati miezi sita na unamjua jina la mbwa wake. Anakujua wewe kuliko unavyomjua, na wengine kwa kulipa kwa muda mrefu wanaanza kuona kama wana haki. Kama hukuwa unafanya kazi ya kukutana na watu, usianze kwa sababu mtu kakubembeleza vizuri. Kama ulikuwa unafanya, zile taratibu zako za zamani zirudi zote, mtu anayejua uko wapi na utapiga simu saa ngapi, sehemu ya watu kwanza, usafiri wako mwenyewe, na kinga. Usiziache kwa sababu ya mazoea ya simu.

Vitisho vitakuja. "Lipa au namtumia baba yako." Usilipe. Ukilipa mara moja anajua unalipa, atarudi Ijumaa. Usimtukane pia, usifute chochote, piga skrinshoti za kila kitu zikiwa na jina la akaunti na tarehe, ripoti kwenye tovuti, mbloku, halafu mwambie mtu mmoja unayemwamini usiku huohuo, maana peke yako utafanya maamuzi ya woga. Polisi inategemea unapoishi, kuna sehemu watakusaidia na kuna sehemu watakugeuzia kibao uwe mshtakiwa, kwa hiyo ukiweza ongea kwanza na mwanasheria au shirika linalosaidia watu wa hii kazi.

WANAOJIITA MAMENEJA

Ukianza kupata watu hata mia mbili, ejensi zitakujia. "Sisi tutachati kwa niaba yako, tutakukuza, we piga picha tu." Wanachotaka ni paswedi na asilimia, nimeona mikataba inayochukua nusu ya kinachobaki baada ya tovuti kukata chake. Wanaokaa kuchati ni vijana wamekodiwa, wanalipwa kidogo, wanajifanya wewe kwa wateja kumi na tano kwa wakati mmoja. Mteja anadhani anakuambia wewe siri zake. Mi hiyo siipendi, ila tuache mambo ya dhamira, upande wa hatari tu, yule kijana anaweza kuahidi kitu ambacho hufanyi, anaweza kuuza video za zamani ulizokuwa umezificha, na siku ukitaka kuondoka wao ndo wako ndani ya akaunti na wewe uko nje unagonga.

Ejensi moja, sitaitaja, ilibadilisha imeili ya rafiki yangu wiki ya pili. Alipotaka kuvunja mkataba wakamwambia kuna faini, na wana nakala za kila kitu. Ilichukua miezi mitano. Kilichomwokoa ni kwamba akaunti ya benki ilikuwa kwa jina lake.

Maswali ya kujiuliza, na yanamhusu mpenzi pia, siyo ejensi tu: paswedi anayo nani? Hela inaingia kwa jina la nani? Nikisema leo sipigi picha nini kinatokea? Kama jibu la mojawapo linakupa tumbo joto, hiyo kazi siyo yako tena, unafanyiwa biashara. Kuwadi wa zamani alisimama kona ya barabara, wa sasa ana laptopu na mkataba wa kurasa nane. Ukiwa kwenye hali hiyo tafuta msaada wa watu wanaoshughulika na usafirishaji wa binadamu, hata kama hakuna aliyekusafirisha popote, maana kulazimishwa mbele ya kamera nako kunahesabiwa.

Ukipiga na mtu mwingine, mpenzi au mwenzako wa kazi, lazima kuwe na kitambulisho chake na karatasi ya ridhaa iliyosainiwa. Tangu Oktoba 2021 Mastercard wanadai tovuti za watu wazima ziwe na ushahidi wa umri na ridhaa ya kila anayeonekana, kwa hiyo tovuti itakubana. Kubaliana pia kwa maandishi mkiachana video inakuwaje, nani anafuta, nani anaendelea kuuza. Kuongea hayo mkiwa mnapendana kunaudhi, najua, lakini kuongea baada ya kuachana ni vita.

BENKI NA TOVUTI NDO MABOSI WAKO

Tarehe 19 Agosti 2021 OnlyFans walitangaza kwamba kuanzia Oktoba mosi picha na video za ngono marufuku. Watu waliojenga jina lao lote pale waliamka asubuhi wakakuta kazi imekwisha, na chanzo siyo sheria wala polisi, mkuu wa kampuni wakati ule Tim Stokely alisema mabenki ndo yaliyowabana. Kelele zikapigwa, na tarehe 25 wakageuza uamuzi. Siku sita. Miezi nane kabla, Desemba 2020, Visa na Mastercard walikata malipo ya Pornhub, tovuti kubwa ya video za ngono, baada ya kufichuliwa kwamba kulikuwa na video za watoto na za watu ambao hawakuridhia, na tovuti ikafuta mamilioni ya video za akaunti ambazo hazijathibitishwa. Kosa lilikuwa la kweli na kubwa, ila waliothibitishwa na wanaouza video zao wenyewe nao walipoteza malipo siku hiyohiyo.

Kwa hiyo usiache hela ikae kwenye tovuti, ikifika kiwango cha kutoa toa. Usiwe na tovuti moja. Tunza nakala ya kila video na kila picha kwenye hifadhi yako mwenyewe yenye nywila, siyo kwenye wingu lilelile ambalo familia nzima mnatumia (mtu ninayemfahamu aliwahi kuonyesha picha za harusi kwenye tivi ya sebuleni, malizia mwenyewe). Kuwa na njia ya kuwaambia wateja wako umehamia wapi. Benki nazo zinaweza kufunga akaunti ya mtu zikijua hela inatoka wapi, bila maelezo, kwa hiyo hela ya chakula isikae kwenye akaunti hiyohiyo moja. Na weka risiti, kila mwezi, kodi ikija kuuliza uwe na cha kuonyesha.

Sheria ni ya kwako kuitafuta kabla hujaanza. Nchi nyingi kutengeneza au kusambaza picha za ngono ni kosa hata ukiwa peke yako chumbani na mnunuzi yuko bara jingine, usijidanganye kwamba hakuna aliyekugusa kwa hiyo hakuna kosa. Na sheria zinabadilika, Uswidi kwa mfano tangu Julai 2025 anayelipia maonyesho ya ngono ya moja kwa moja aliyojiagizia mwenyewe mtandaoni anahesabika kama mnunuzi wa ngono, wakati video iliyorekodiwa tayari inayouzwa kwa wote haimo humo. Kazi ileile, kitufe tofauti.

IKIVUJA

Siku ukikuta video yako sehemu usiyoiweka, mikono itatetemeka, utataka kufunga kila kitu. Subiri. Kwanza skrinshoti yenye anwani ya ukurasa na tarehe, kila ukurasa. Halafu peleka madai ya hakimiliki, video ni mali yako, na tovuti nyingi zinafuata ile sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki za mtandaoni, DMCA, kuna fomu au imeili ya kuripoti chini ya ukurasa. Ila angalia hapa, madai yanataka jina la kweli, na yanaweza kupelekwa kwa yuleyule aliyevujisha, mengine yanawekwa hadharani kwenye kumbukumbu za mtandaoni. Kuna watu walikuwa hawajulikani wakajulikana kwa kuripoti. Tumia wakala au huduma ya kutoa madai kwa niaba yako, tovuti nyingine za kulipiwa zinayo bure, waulize.

Baada ya hapo peleka ombi kwenye mitambo ya kutafutia, kama Google, ili ukurasa usitokee mtu akiandika jina lako, hata kama video bado ipo. Kwa picha za faragha ambazo hukuziuza, zile za mpenzi wa zamani, kuna StopNCII.org, ilianza Desemba 2021, inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na kampuni zilizojiunga zinaitumia hiyo alama kuizuia. Kama picha ni ya wakati hujafika miaka 18 kuna huduma nyingine inaitwa Take It Down. Na Marekani walisaini sheria Mei 2025 inayozitaka tovuti ziondoe picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa ndani ya masaa 48 baada ya kuombwa, zikiwemo zile feki za kutengenezwa na AI.

Hutaweza kuzifuta zote. Unafuta zile za kurasa za kwanza, kila mwezi unapita tena, kama kufagia.

UKITAKA KUTOKA

Usifunge kwa hasira siku moja. Zima kwanza malipo ya kujirudia, waache waliolipia wamalize mwezi wao wasije wakadai hela benki, toa salio lote, pakua taarifa zako za malipo na orodha ya uliyowahi kumuuzia video za kuagizwa, futa posti, ndipo ufute akaunti. Ukifuta akaunti kabla hujatoa hela utaanza kuandikiana na huduma kwa wateja ambao wanataka uingie kwenye akaunti ambayo haipo. Na ile imeili ya kazi usiiue, iache hai miaka kadhaa, maana barua za kodi, za madai ya hakimiliki na za mtu aliyeona video yako mahali zitaendelea kuja hapo. Mi ya kwangu ya akaunti ya kwanza naifungua kila Jumapili jioni.